Jina Lililobaki Kwenye Kompyuta ya Mzee Amsi

Karatu,
Jumapili mchana, mvua imeacha sasa hivi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta umekaa kibarazani, mguu umepunguza kuuma, na mama yuko karibu anakugombeza usikae sana juani. Mpe shikamoo yake sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukishaanza hutasimama. Alizeti zimekubali mwaka huu? Na yule mbuzi mwekundu aliyekuwa anakataa mtoto wake, mlimfanyaje? Niambieni kila kitu, hata vile mnavyoona ni vidogo.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea kidogo, ingawa asubuhi ukungu unashuka kutoka msituni mpaka kwenye mashamba ya kahawa na mikono inakufa ganzi. Bado niko kitaluni. Tunajaza udongo kwenye viriba, tunapanda miche, tunamwagilia, tunang'oa magugu. Wengi tunaofanya kazi huku tumetoka Singida na Dodoma, kwa hiyo wakati wa chakula nasikia Kinyaturu mpaka nasahau niko wapi. Mgongo unachoka lakini siumwi.

Ungeweza kuniuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Baba, kwenye simu ungenikatiza kwa maswali kabla sijafika hata katikati, halafu vocha ingekwisha. Na jambo hili nataka ulisikie kwa utaratibu wake, kwa sababu katika watu wote ninaowajua ni wewe utakayelifurahia. Nilikuwa nakaa chini ya meza yako ukifungua redio za watu, nikikuuliza kila waya unakwenda wapi, na hukunifukuza hata mara moja.

Nimekwishakuambia kwamba nimepanga chumba kwa Mzee Amsi na mke wake, Mama Paulina. Ni Wairaqw wa hapa hapa, kwao Endamarariek, ila walijenga karibu na mji kwa ajili ya kazi ya mzee. Alikuwa dereva wa watalii. Amewashusha wageni kreta, kwenye lile shimo kubwa la wanyama, mpaka hakuna kona ya ile barabara asiyoijua, na amekwenda nao Olbalbal, Ololosokwan, kote huko. Halafu presha ya macho ikamchukua, jicho moja kwanza, la pili likafuata. Sasa haoni kabisa, hata mwanga.

Mama Paulina ameniambia kwamba mwaka ule wa kwanza wa giza mzee alikuwa haongei. Anaamka, anakaa kwenye kiti kile kile, anarudi kulala. Ukimwuliza kama amekula anatikisa kichwa. Ndipo binti yao Paulina, anayefanya kazi Mwanza, akaleta kompyuta ya mezani na kumwekea programu ya kusoma skrini. Sijui kama umewahi kuisikia, baba. Ni programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Ukibonyeza herufi inakutajia herufi, ukimaliza neno inakutajia neno. Mzee akajifunza kibodi kwa vidole, akaanza kuandika yale anayoyakumbuka: barabara, wanyama, wageni wa kila namna, namna ya kulitoa gari kwenye matope. Mimi nilipohamia nilimkuta hivyo, mtu wa maneno mengi na utani. Nikipita dirishani na ndoo ananiita, "Binti wa Singida, leo mbingu ina rangi gani?" Nikisema ya bluu hakubali, anataka nimwambie bluu ya namna gani.

Sasa majuzi programu hiyo ilikuwa inajisasisha, yaani inajivua ya zamani na kuvaa mpya. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Ulivyorudi, mzee akawasha kompyuta, akasubiri. Kimya. Akabonyeza, akabonyeza tena. Kimya kabisa. Nilikuwa naanika nguo, nikamsikia anaita, "Zainabu! Hebu njoo uniambie hiki kitu kimekufa au kinanichezea."

Niliingia. Kioo kilikuwa kinawaka vizuri, picha zote zipo. Nikakumbuka kile nilichojifunza kwenye ile kozi yangu ya kompyuta pale Singida mjini, kwamba kuna orodha inayoonyesha programu zote zilizowekwa. Nikaifungua. Baba, ile orodha ilikuwa ya ajabu! Programu ya printa imeandikwa mara mbili. Kuna mstari mmoja hauna jina kabisa, kialama tu peke yake. Na katikati yao, programu ya mzee ipo, jina lake kamili, imetulia kama vile haijatokewa na kitu.

"Ipo, mzee," nikamwambia.

"Kama ipo, mbona haisemi?"

Nikabofya niifungue, kompyuta ikajibu kwamba faili halipatikani. Nikaona basi niiondoe kwanza, niiweke upya. Nikabonyeza kuondoa. Ikajibu kwamba haiwezi kuondoa kwa sababu kilichotakiwa kuiondoa hakipo. Haya, nikaacha kuondoa, nikachukua fleshi ambayo Paulina alimwachia mzee, yenye programu ile ile, nikaanza kuiweka. Ikakataa! Ikasema programu hii tayari ipo kwenye kompyuta yako, iondoe kwanza.

Nilicheka, baba, ingawa haikuwa siku ya kucheka. Huku inasema ipo, iondoe. Huku inasema haipo, huwezi kuiondoa. Nilizunguka humo mpaka chai ikapoa. Mzee alikuwa ananyoosha kidole kila nikisoma jibu, kama anahesabu kona za barabara, kisha akashusha mkono akasema taratibu, "Basi, mwanangu. Iache."

Kesho yake nilirudi kutoka kitaluni nikamkuta kwenye kile kiti alichoniambia Mama Paulina. Hakuuliza rangi ya mbingu. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Mama Paulina alinifuata bombani, akasimama tu na ndoo yake tupu. Ni mama asiyependa kuonyesha hofu. Akasema, "Jana nimempa ugali akala matonge machache. Nimemwuliza kitu, akatikisa kichwa. Zainabu, mimi mwaka ule siwezi kuurudia tena."

Nikamwambia nitakwenda mjini kumwuliza fundi.

Fundi anaitwa Deo, ana kibanda karibu na stendi, anatengeneza simu na kompyuta. Si mtu wa kujidai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema njia ya haraka ni kupiga windo upya, yaani kufuta kila kitu na kuanza kompyuta kama mpya. Maandishi ya mzee angeyahamishia kwenye fleshi kwanza. Nikaona limekwisha. Nikampigia mzee simu hapo hapo kumpa habari, nikaweka sauti ya nje ili Deo naye asikie.

"Na matamshi yangu?" akauliza.

Ndipo nikajua jambo ambalo sikulijua. Ile sauti ikikutana na majina ya huku ilikuwa inayavuruga. Olbalbal, Endamarariek, majina ya Kiiraqw, ya Kimasai, yote inayatafuna. Mzee akakuta kuna mahali pa kuifundisha: unaandika neno, unaiandikia na namna ya kulitamka. Amekuwa akiifundisha neno moja moja, kila mlima, kila kijito, kila mtu aliyemtaja. Ile ni kazi ya miaka.

Deo akaisogelea simu. "Hayo sijui programu hiyo inayahifadhi wapi," akasema. "Nikifuta, yanaweza kwenda nayo. Siwezi kumwahidi mzee."

"Basi msifute," mzee akasema, na simu akakata.

Nilitaka kuondoka, lakini wewe unanijua. Nikamwuliza Deo, "Kwani ile orodha inajuaje kilichopo na kisichopo? Inakwenda kuangalia?"

Alitabasamu, akavuta kiti. Na jibu lake, baba, ndilo lililonifanya nisilale vizuri kwa kuwaza. Alisema orodha haiendi kuangalia kitu. Programu yoyote inapoingia kwenye kompyuta inajiandikisha mahali panapoitwa rejista: jina langu hili, namba yangu hii, nikitakiwa kuondoka niondolewe hivi. Ikiondoka inalifuta jina lake yenyewe. Orodha inasoma tu majina yaliyoko kule. Ya mzee iliondoka, umeme ukakatika kabla haijajifuta. Kwa hiyo jina limebaki, mwenyewe hayupo. Na ile ya kwenye fleshi inapotaka kuingia inasoma jina, inaamini, inakataa.

"Kwa hiyo tukilifuta lile jina tu?" nikauliza.

"Itaingia. Ila rejista si mahali pa kuchezea. Humo kuna mambo ya kompyuta nzima. Ukifuta kisichohusika unaweza kuiwasha ikakataa kuwaka." Yeye alikuwa na msiba Mbulu, anaondoka siku ile ile, akanisihi nimsubiri arudi. Nikamweleza habari ya kiti na ugali. Akakuna kidevu, akachana kipande cha boksi, akanichorea njia ya kufika kwenye yale majina. Akasisitiza neno moja mpaka akalipigia mstari: kabla ya kufuta chochote, chukua nakala yake uihifadhi. Ukikosea, unaibofya ile nakala mara mbili na kila kitu kinarudi kilipokuwa.

Jumapili iliyopita, Mama Paulina aliporudi kanisani, nilimwomba mzee aje akae karibu nami. Alikataa. Nikamwambia mimi naogopa kuingia huko peke yangu, na hilo lilikuwa kweli. Akanyanyuka.

Baba, laiti ungekuwepo! Nilifuata mchoro wa Deo, folda ndani ya folda, mpaka nikafika. Nilitegemea kukuta majina kama kwenye orodha, kumbe wapi. Ni mabano na tarakimu na herufi zilizochanganyikana, ndefu, mstari baada ya mstari. Ukibofya mmoja ndipo upande wa kulia unaona jina la programu, toleo lake, na mahali ilipo. Nilianza juu nikawa namsomea mzee kwa sauti. Printa. Printa tena, ndiyo maana iko mara mbili! Mmoja hauna jina, na humo ndani mna maneno machache tu yasiyoeleweka. Nilitamani sana kujua huo ulikuwa wa nani, nikajizuia. Mzee naye akaanza kuuliza. "Hiyo inasema ilikaa wapi? Na hiyo je?" Nikaona ameinama mbele kwenye kiti.

Nikafika kwenye jina lake. Nikachukua nakala kama nilivyoagizwa, nikapumua, nikafuta. Nikafungua orodha kuangalia. Jina la mzee lilikuwa bado lipo, limetulia vile vile. Kilichotoweka ni kitu kingine, kifurushi cha sauti ya Kiswahili, ambacho kumbe nacho kinaanza na jina lile lile.

"Umenyamaza," mzee akasema.

"Nimefuta kisicho chenyewe."

Nilidhani atakasirika. Akasema, "Umechukua nakala?"

"Nimechukua."

"Basi rudi nyuma. Barabara ya kreta ukiingia vibaya kwenye kona husukumi mbele kwa aibu. Unarudi taratibu, unaingia tena."

Nikabofya nakala mara mbili. Nikafungua orodha. Kifurushi kimerudi. Nikamshika mzee mkono bila kufikiri, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile ya umeme.

Safari hii nilisoma kila kitu mpaka mwisho. Nikakuta mistari miwili iliyokuwa na jina hilo, ule wa kifurushi na mwingine chini kabisa. Nikamsomea mzee namba ya toleo ya huo wa chini. Akainua kichwa. "Ndiye huyo. Kila asubuhi ilikuwa ikijitambulisha kwangu, jina na namba. Nimeisikia zaidi ya sauti ya mtu yeyote isipokuwa Mama Paulina. Isome tena." Nikaisoma tena, akaisema pamoja nami, tarakimu kwa tarakimu.

Nakala. Futa. Orodha. Halikuwepo! Zile printa mbili zipo, ule mstari usio na jina upo, ila jina la mzee limeondoka. Nikachomeka fleshi, nikaanza kuweka. Haikukataa. Mstari wa kijani ukatembea polepole, ukasimama, nikadhani umeme, ukatembea tena.

Kwa kawaida mzee huvaa vipokea sauti vya masikioni ili asiwasumbue watu. Siku hiyo vilikuwa vimechomolewa, nikaunganisha spika ndogo ili na mimi nisikie. Tukasubiri. Halafu sauti ikatoka, kubwa, nyumba nzima, na baba, ilikuwa inaongea Kiingereza! Ikakuta Kiswahili cha mzee kwenye kioo ikaanza kukisoma kama mgeni aliyeshuka ndege asubuhi hiyo. Mama Paulina alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani huyo mzungu?"

Tulicheka mpaka mzee akafuta machozi. Nikatafuta mahali pa kubadilisha, nikachagua Kiswahili, yaani kile kile kifurushi nilichokuwa nimekifuta saa ile. Sauti ikabadilika. Mzee akaacha kucheka, akaweka vidole kwenye kibodi. Nilijua anataka kujaribu nini, na nilikuwa naogopa kuliko yeye. Akaandika: Olbalbal.

Ikalisema. Sawasawa, kama anavyolisema yeye. Akaandika Endamarariek. Sawasawa. Akaandika jina la marehemu mama yake, jina la Kiiraqw ambalo hata mimi siwezi kulitamka kwa zile herufi za kooni, na sauti ikajitahidi karibu kabisa. Mzee akaegemea kiti, akatulia. Mama Paulina alikuwa bado amesimama mlangoni na mwiko wake.

Kisha mzee, bila kukumbuka kwamba hana vile vya masikioni, akafungua maandishi yake akairuhusu sauti isome pale alipokuwa amekomea. Mama Paulina hakuwahi kuyasikia. Alidhani ni habari za faru na magari. Sauti ikasoma jinsi mtu alivyoamka asubuhi ya kwanza ya giza kamili, akaogopa kunyoosha mkono mezani asije akamwaga chai mbele ya mke wake. Na jinsi alivyounyoosha hata hivyo, akakuta mkono wa kikombe umegeuzwa upande wake, tayari, na tangu asubuhi hiyo haujawahi hata siku moja kugeuzwa kwingine. Ikasema, "Kikombe kilikuwa cheupe."

Mzee akashtuka, akaanza kutafuta kitufe cha kunyamazisha. Mama Paulina akamzuia mkono.

"Kilikuwa cha bluu," akasema.

"Mimi sikukiona."

"Ndiyo nakwambia mimi niliyekiona. Andika bluu."

Akaandika. Mama Paulina akamwuliza, bluu ya namna gani? Mzee akasema yeye ndiye aseme. Mama akavuta kigoda akakaa, akafikiri, akaanza kumweleza, na mboga ikaungua jikoni. Mimi nilitoka nikaenda kuiokoa.

Tangu siku hiyo mzee havai tena vile vitu vya masikioni. Jioni wanakaa wote wawili, sauti inasoma, mama anasahihisha, wanabishana. Jana wamebishana kuhusu mvua moja ya zamani sana mpaka wakamwita jirani aamue. Deo amerudi kutoka Mbulu, nikamsimulia, akaomba nimpelekee nakala nilizochukua azione, akasema nimefanya vizuri kutogusa ule mstari usio na jina. Nimemwambia bado unanisumbua. Akasema hata yeye kwenye kompyuta yake ana mmoja. Amenikaribisha kibandani siku za mapumziko nijifunze, naye atanionyesha ndani ya kompyuta yenyewe. Nitakwenda, baba, kama hutaniambia vinginevyo.

Nisalimie mama, na mwambie soksi alizonifumia nazivaa kila siku. Nisalimie shangazi, na mdogo wangu Saidi, mwambie mtihani usimtishe. Nisalimie bibi, mwinamie sikioni umwambie mjukuu wake ananenepa. Usisahau jirani yetu wa duka na watoto wake. Mzee Amsi na Mama Paulina wanawasalimu nyote ingawa hawawajui. Mzee anauliza Singida wakati wa alizeti inanukaje, nami sikuweza kumjibu vizuri. Nenda shambani asubuhi moja, unuse, uniandikie.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Zainabu